Doa la Siku Moja

Doa lenyewe lilikuwa dogo. Ukubwa wa kiganja, rangi ya chai iliyochuja, ukutani pale kibarazani, kimo cha kichwa cha mwanamume aliyeketi. Mgeni asingeliona hata akionyeshwa. Lakini Perpetua alikuwa amelilinda kwa siku thelathini na saba. Wakati wa msiba, nyumba ilipofurika watu mpaka uani, alikiburuta kiti cha marehemu mumewe, akakilaza ubavu mbele ya doa ili mtu asiegemee. Mjomba mmoja aliyejaribu kukiinua alifokewa mpaka akahamia jikoni kwa wanawake.

"Si mafuta ya nazi tu hayo, Mama Ansila?" mjomba alinung'unika.

Ni mafuta ya nazi, ndiyo. Gaspari alikuwa akijipaka kichwani kila asubuhi tangu ujana wake, na kila jioni alikaa pale, akaegemeza kisogo ukutani, akafumba macho na kusema, "Ahaa." Siku ya mwisho aliegemea, akasema "Ahaa," na hakusema kingine tena. Perpetua alikuwa jikoni anakatakata bamia. Alimwita mara tatu aje achague samaki, na mara ya nne hakumaliza jina.

Sasa mtu wa mtaa mwingine atauliza, na ana haki ya kuuliza: mtu ameegemea palepale kila jioni kwa miaka kumi na moja, iweje doa liwe la kiganja tu? Si lingeshakuwa kama sinia?

Lingekuwa, kama ingekuwa nyumba nyingine. Huu ni Mtaa wa Marejeo, chini ya milima ya Uluguru, na kuta za Marejeo hazikai na kitu. Zimejengwa kwa chembe ndogo kuliko unga wa muhogo, na kila chembe inajua mahali pake na inamjua jirani yake. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, mnara ulio katikati ya mtaa unaziita, na chembe zote zinarudi pale zilipokuwa siku ya makabidhiano. Ufa unaziba. Rangi iliyopauka inarudi. Msumari ulioupigilia jana unasukumwa nje, unaukuta sakafuni. Na uchafu wote, masizi ya jiko, alama za vidole, mafuta ya kichwa, unadondoka chini ya ukuta kama vumbi, unafagiwa, unatupwa. Kwa miaka kumi na moja Perpetua alifagia pale kibarazani kila asubuhi huku akiimba. Hakuwahi kufikiri kwamba alichokuwa akikifagia ni Gaspari.

Nyumba moja tu ndiyo huachwa bila kuitwa na mnara: nyumba yenye msiba. Jumuiya ya Wamiliki ilijifunza mapema kwamba watu mia mbili wakilala kwenye mikeka, wakaegemea na kuparamia kila mahali, chembe zinachanganyikiwa. Kwa hiyo mfiwa alipewa turubai moja, masufuria makubwa matatu, kilio mwisho saa tatu usiku, na siku arobaini za ukuta kupumzika. Ndiyo maana doa la siku ya mwisho lilibaki. Perpetua aligundua siku ya tatu ya msiba, alipoona pale ukutani pamebaki kivuli cha kichwa. Alikaa chini akalia upya, tena kwa furaha, wanawake wakadhani amerukwa na akili.

Na kesho ilikuwa arobaini.

*

Mwenyekiti Kobelo alikuja saa tisa alasiri, kishikwambi kwapani, viatu akavivulia kwenye ngazi.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwenyekiti. Pita ndani."

"Hapahapa panatosha. Pole tena, Mama Ansila. Unaendeleaje?"

"Tunasukuma siku."

Kobelo alikuwa mtu wa utaratibu tangu ujana wake alipofanya kazi reli, hata kikohozi chake kilikuwa na ratiba. Alikohoa. "Nimekuja kukukumbusha tu. Kesho alfajiri nyumba itarejea. Ukiwa na kitu umekitundika, kishushe leo."

"Na nikiwa sitaki irejee?"

Kobelo alimtazama, halafu akatazama kiti kilicholazwa, halafu doa. Hakuwa mjinga, na alimpenda Gaspari. Walikuwa wakibishana mpira hapohapo.

"Mama Ansila, kanuni hii uliiandika wewe."

Kweli tupu. Miaka minne ya mwanzo Perpetua alikuwa katibu wa Jumuiya, na hakuna aliyekuwa mkali kama yeye. Mwenye nyumba mmoja wa safu ya chini aliwahi kuomba mwimo wa mlango wake uachwe, kwa sababu ndipo alipotaka kuchora mistari ya kupima urefu wa wanawe kila Krismasi. Perpetua alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukataa. Mwanzo ni mstari wa penseli, alisema, mwisho ni ufa. Gaspari alicheka aliposimuliwa. "Ninyi mnataka nyumba isiyokaliwa na mtu," alisema. Gaspari ndiye ambaye hakutaka kuhamia Marejeo. Alikuja kwa ajili ya mkewe.

"Nikate kipande hicho tu," Perpetua alisema. "Nikiweke kwenye fremu."

"Ukikata, chembe zinapotezana. Utabaki na unga mkononi."

"Basi uache ukuta wa kibaraza peke yake."

"Ukuta haurejei nusu. Huu unaanzia hapa, unapita sebuleni kwako, unaishia chumba cha nyuma cha Mama Sabas. Ni ukuta mmoja wenu wote wawili." Alikohoa tena. "Piga picha, dada yangu."

"Picha ninazo themanini. Hainuki hata moja."

Kobelo alilitazama doa tena. Kisha akafungua kishikwambi, akasogeza kidole juu na chini. "Kifungu kidogo cha kanuni ya tisa. Mfiwa anaweza kuongezewa siku tisini, jirani wa ukuta akikubali kwa saini. Zikiisha, anaomba tena." Akashusha sauti. "Lakini vuli imeshaanza kupiga. Nyumba za huko nje zina nondo na saruji. Hizi nondo yake ni marejeo, hazina nyingine. Ukuta wenu una siku thelathini na tisa haujarejea."

Perpetua hakuwa akisikiliza hayo. Alikuwa amesikia siku tisini tu. Alimshika Kobelo mkono, akamvuta, pekupeku wote wawili, mpaka mlango wa pili.

Eufrasia, yaani huyo Mama Sabas, alikuwa anachambua mchele. Alikuwa mwanamke mnene mwenye huruma za karibu, ambaye siku ya msiba alipika kwa masufuria yote matatu peke yake na akakataa kusifiwa. Kobelo alianza kumsomea kifungu. Eufrasia hakumruhusu afike katikati.

"Niweke kidole wapi?"

"Mama Sabas, ngoja nikueleze athari zake."

"Mfiwa anaombwa maelezo? Mwenyekiti, acha mambo yako. Wapi?"

Akaweka kidole. Kishikwambi kikalia. Perpetua alimkumbatia, punje za mchele zikamwagika, wote wawili wakacheka na kufutana machozi. Kobelo akarudi kuvaa viatu vyake.

*

Mvua ilianza saa kumi na moja jioni, ile nzito ya milimani. Perpetua aliinua kiti cha Gaspari, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akakisimamisha mahali pake. Akasogeza pua karibu na doa. Harufu ilikuwa imebaki kidogo sana, ila ilikuwepo: nazi, na jasho, na kitu kingine ambacho hakina jina, ni Gaspari tu. "Miezi mitatu, Baba Ansila," alimwambia. "Nimekupatia miezi mitatu." Na alikuwa na njaa. Jamani, njaa kabisa, ya mtu mzima! Akapika uji wa ulezi, akatia maziwa na ndizi, na kwa kuwa shukrani ilikuwa imemjaa, akajaza bakuli moja kwa ajili ya Bibi Klementina.

Bibi Klementina ni mama yake Eufrasia, mwenye miaka tisini na moja, ambaye mwaka wa pili huo hakuwa ameinuka. Alilazwa kwenye kitanda cha mashine, kile kinachompumulia mgonjwa kifua kikichoka. Mipira yake ilikuwa imepita katika tundu lililokuwepo ukutani tangu makabidhiano na kitanda chenyewe kimefungwa sakafuni hapohapo, hakihamishiki. Jumuiya ndiyo iliyokifunga, kwa kura ya wote, bila mtu hata mmoja kupinga. Hilo nalo lisemwe. Huko walikotoka wengi wao, mgonjwa wa namna ile angeshasahaulika.

Perpetua aliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi, kama kawaida yake. Eufrasia alikuwa chini ya bati la uani anaanua nguo. Chumbani, juu ya kitanda, palikuwa pametundikwa kitenge kipya cha maua makubwa ambacho hakikuwepo kabla ya msiba. Sehemu ya chini ilikuwa imelowa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na uji? Nimeusikia harufu." Bibi alikuwa haoni vizuri, lakini pua na masikio yalikuwa ya msichana. "Huo ukuta unaongea siku hizi. Umewahi kuusikia?"

"Unasemaje?"

"Tii, tii. Halafu unapumzika. Halafu tii."

Perpetua aliweka bakuli chini, akainua kitenge.

Ufa ulianzia darini, ukashuka kwa mshazari mpaka nyuma ya mto wa Bibi. Pale juu ungeweza kuingiza kidole cha shahada mpaka pingili ya pili, na aliingiza. Ndani palikuwa na unyevu, na chembe zilimbaki kidoleni kama unga. Kwenye shuka, karibu na bega la kizee, palikuwa na mstari wa vumbi jeupe.

"Usiguse," Eufrasia alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amekumbatia nguo mpaka kidevuni.

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

"Wiki ya pili ya msiba wangu? Na leo umetia kidole siku tisini nyingine?"

"Ningekunyima vipi?" Eufrasia alirusha nguo kwenye kiti, na sauti yake ikapasuka. "Niambie wewe ningekunyima vipi. Nimekuona unavyokiburuta kile kiti. Nimekusikia unaongea na ukuta. Nije nikwambie, futa mumeo, mama yangu anataka kulala? Nitasemaje hilo kwa mdomo huu?"

"Ungesema hivyohivyo!"

"Basi sikuweza."

Bibi Klementina aliuliza kama uji ule ulikuwa wa kunywewa au wa kutazamwa. Perpetua alipiga magoti, akamnywesha kijiko kimoja kimoja mpaka bakuli likaisha, na muda wote huo macho yake hayakutoka kwenye ufa.

*

Alirudi kwake akaketi kwenye kiti cha Gaspari, doa likiwa nyuma ya kichwa chake, asiliguse. Mvua ilikuwa inamwagika kwenye bati la kibaraza. Na alifikiri mambo ambayo hajamwambia mtu mpaka leo.

Alifikiri: ni ufa wa kidole kimoja tu. Alifikiri: Mama Sabas mwenyewe ametia saini, tena mbele ya Mwenyekiti, nani atanilaumu? Akafikiri, na hili ndilo baya kuliko yote: Bibi ana miaka tisini na moja. Gaspari alikuwa na sitini na mbili. Mungu angekuwa na mahesabu ya haki, nani angetangulia?

Alipojisikia amefika hapo, aliona aibu, akajifunika uso kwa kanga ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Maana Perpetua anazijua kuta. Kabla ya Marejeo waliishi bondeni, nyumba ya tofali za udongo, na kwenye sebule ile Gaspari alikuwa na doa la miaka ishirini, kubwa, jeusi, linang'aa kama limepigwa vanishi. Alikuwa akimgombeza kila siku kwa ajili yake. Mwaka ule wa masika makubwa, ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na ufa. Watu wote nyumbani waliuona. Walisema wataukandika mvua ikikatika. Mama yake Perpetua alilala chini ya ufa huo siku sita, na usiku wa saba ukuta ulikaa chini, taratibu, hata haukupiga kelele ya kumwamsha mtu. Asubuhi Perpetua ndiye aliyeingia na chai.

Ndiyo sababu alitaka kuja Marejeo. Ndiyo sababu alikuwa katibu mkali, na akamnyima baba wa watu mistari ya penseli. Kila alfajiri, mnara ulipoita na kuta zikajikunyata kidogo kurudi mahali pake, alikuwa akishukuru kitandani kimyakimya: leo tena hazitaanguka. Gaspari hakuwahi kuelewa shukrani ile, na yeye hakuwahi kuelewa mwenzake alikosa nini katika nyumba safi namna ile. Sasa ameelewa. Kuelewa kumemjia mwenzake akiwa kaburini, na hakuna wa kumwambia, "Baba Ansila, ulikuwa sahihi, na mimi pia nilikuwa sahihi, tufanyeje?"

Alimtaka. Hakutaka doa, wala harufu, alimtaka yeye mzima, na kelele zake za mpira, na miguu yake ya baridi kitandani. Doa lilikuwa ndicho kipande pekee alichoachiwa, na alilitaka kwa njaa ileile.

Akageuka. Akaegemeza kisogo chake polepole palepale. Mafuta yake mwenyewe yakakutana na ya mumewe, na hapo alijua ameshaliharibu, kwamba kuanzia sasa hakuna atakayejua lipi lake na lipi la mwenzake. Akakaa hivyo mpaka bega likamuuma.

Ndipo akachukua simu.

"Mwenyekiti, samahani kukusumbua wakati wa chakula. Nafuta lile ombi."

Upande wa pili palisikika kikohozi. "Umeuona ufa."

"Kumbe ulijua?"

"Nilihisi. Kanuni hainiruhusu kuingia chumba cha mtu bila kuitwa, na Mama Sabas hajaniita." Akakohoa tena. "Nilitaka akatae yeye. Kisha nikatumaini utakataa wewe. Mimi mwenyewe sikuwa na moyo huo, Mama Ansila. Nisamehe."

"Wote hatukuwa nao," alisema Perpetua. "Nitumie hiyo fomu nibonyeze."

*

Hakubaki kwake alfajiri ile. Aliwasha taa ya kibaraza, akasema, "Basi, baba," akatoka. Saa kumi na moja kasorobo alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha Bibi Klementina, Eufrasia ameketi sakafuni amemlalia magotini. Kitenge walikuwa wamekishusha.

Mnara haulii. Ukiita unausikia kwenye meno tu. Kwanza vumbi lilianza kuchuruzika kutoka kwenye ufa, kisha kingo zake mbili zikasogeleana, bila haraka, kuanzia chini kuja juu. Nyuma ya mto pakaziba. Juu ya bega pakaziba. Pale alipoingiza kidole jana pakabaki tundu, likabaki kitone, halafu ukuta ukawa mweupe na mzima kama haukuwahi kufikiria kuanguka. Eufrasia alikuwa analia kwa kwikwi. Perpetua alimpapasa kichwa, na macho yake yalikuwa kwenye ukuta uleule, maana aliujua ulikokwenda kuanzia pale: sebuleni kwake, na kutoka sebuleni mpaka kibarazani.

"Umenyamaza," Bibi alisema. "Kumekucha?"

"Kumekucha, Bibi. Lala."

Alipotoka nje palikuwa pameshapambazuka na mvua imekatika. Mtaa mzima ulikuwa umeng'aa, safu kwa safu, kila nyumba kama imekamilika jana. Kobelo alikuwa amesimama kibarazani kwa Perpetua, pekupeku. Kanuni inataka Mwenyekiti aikague nyumba inaporejea baada ya msiba, na angeweza kumtuma mtu, ila alikuja mwenyewe. Hakuingia mpaka Perpetua alipomkaribisha.

Ukuta ulikuwa mweupe. Perpetua aliutazama mara moja, akaona inatosha.

Kobelo alipita vyumba vyote kwa utaratibu wake, akagonga hapa na pale, akarudi. Alikuwa amebakiza swali la mwisho kwenye fomu, na ilionekana wazi angependa kuliruka, ila hakuwa mtu wa kuruka maswali.

"Kuna tofauti yoyote," alisoma, bila kuinua macho, "kati ya nyumba ilivyo leo na ilivyokuwa siku mliyokabidhiwa funguo?"

"Ipo," alisema Perpetua. "Siku ile tulikuwa wawili."

Kobelo aliandika hivyohivyo, neno kwa neno, akamgeuzia kishikwambi asome. Perpetua alisoma mpaka mwisho, akatia saini.